Mwaka mmoja na goti bandia: tathmini yangu ya upasuaji na yaliyofuata

Baada ya mwaka mzima wa kutembelea goti bandia la mguu wa kulia, nililowekewa katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, naweza kusema bila kusita kwamba upasuaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi mkubwa, ila maelezo niliyopewa kuhusu maisha ya baadaye yalikuwa haba mno.

Nianze na yanayostahili shukrani. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lilikuwa limekwisha kabisa, mfupa ukisuguana na mfupa, na maumivu yalikuwa yakiniamsha usiku. Daktari bingwa aliondoa sehemu zilizoharibika, akavika ncha za mifupa vipande vya metali na kuweka plastiki ngumu katikati. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kesho yake nikasimamishwa kwa fremu, nikaanzishiwa na dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Kidonda kilipona bila maambukizi, na maumivu yale ya usiku sijayasikia tena.

Kazi ngumu ilikuwa mazoezi. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku katika wiki za mwanzo, makovu ya ndani hulikaza, na kulilegeza baadaye ni shida kubwa. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinikataza kuweka mto chini ya goti ninapolala, ingawa ndicho kitu mgonjwa anachokitamani kuliko vyote, kwa kuwa goti lililozoea kubaki limepinda kidogo hukataa kunyooka, na mwenye nalo huishia kuchechemea. Huduma ya mtaalamu huyo naithamini sawa na ile ya chumba cha upasuaji. Bahati mbaya, hakuna aliyenieleza mapema kwamba uvimbe na joto vingedumu kwa miezi, wala kwamba ngozi ya upande wa nje wa kovu ingekufa ganzi kwa sababu vineva vidogo hukatwa wakati wa kupasua. Niliyagundua hayo peke yangu, kwa hofu isiyo ya lazima.

Jambo zito zaidi ni kiwango cha kukunja. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kiasi cha nyuzi 70 za pembe (goti lililonyooka ni 0), kushuka ngazi kama 90, na kuinuka kwenye kiti kifupi zaidi ya 100. Magoti bandia mengi huishia kati ya nyuzi 110 na 120, ilhali kuchuchumaa chooni na kukaa baina ya sijida mbili hudai zaidi ya hapo. Leo ninaswali juu ya kiti, na nyumbani tulilazimika kujenga choo cha kukaa wakati nikiwa bado kwenye magongo. Kwa mgonjwa wa pwani, habari hii ilipaswa kutolewa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Katika kliniki za marudio nilipigwa picha ya eksirei na kuambiwa kila kitu kiko sawa, hata kipindi ambacho sikuweza kushuka ngazi. Uingereza kuna hojaji ya Oxford yenye maswali 12 na alama 0 hadi 48, inayomuuliza mgonjwa kuhusu maumivu, kutembea, kupiga magoti na kazi za nyumbani, na tangu 2009 hospitali za umma za England huwauliza wagonjwa maswali hayo kabla na baada ya upasuaji. Kipimo hicho kina sababu: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti lake jipya, japo kifaa chenyewe ni imara na magoti kama 82 katika 100 hudumu miaka 25.

Goti la kushoto nalo limeanza kusagika. Zamu yake ikifika nitarudi kwa daktari yuleyule, lakini mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja nitayaanza kabla ya kulazwa, na nitaomba nyuzi ambazo goti langu linakunjika zipimwe na kuandikwa kwenye faili kila ninapohudhuria kliniki.