Vilima vya Ngong kwa Miguu: Sehemu Bora Huanzia Mitambo ya Upepo Inapoishia

Miongoni mwa sehemu za matembezi zilizo karibu na Nairobi, sidhani kama ipo inayosifiwa sana na kutembewa kidogo kama Vilima vya Ngong. Wageni wengi hulipa kiingilio, hupiga picha chini ya mitambo ya upepo, hutandika shuka kwenye nyasi za kilima cha kwanza na kurejea mjini kabla ya alasiri, kisha husimulia kwamba wamepanda Ngong. Sina ugomvi nao, kwa kuwa kilima hicho cha kwanza kinapendeza na watoto hukifurahia. Ila anayekuja kwa nia ya kutembea atakuwa ameishia kizingitini. Tathmini hii inahusu njia nzima ya mgongo wa vilima, kutoka lango la msitu lililo juu ya mji wa Ngong hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, pamoja na nchi inayoonekana na kufikika pande zote mbili.

Kufika ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Matatu za namba 111 hutoka katikati ya Nairobi hadi Ngong mchana kutwa, na kutoka stendi ya Ngong boda boda humpandisha mtu hadi langoni kwa dakika chache. Anayetaka kupasha misuli moto anaweza kuipanda barabara hiyo kwa miguu, ingawa magari yaendayo kwenye mitambo humrushia vumbi la kutosha wakati wa kiangazi. Vilima hivi ni msitu wa serikali, kwa hiyo kiingilio hulipwa langoni, na malipo hufanywa kwa simu. Inafaa kufika mapema, hasa Jumamosi na Jumapili, kwa sababu makundi makubwa ya matembezi huanza kupanga foleni asubuhi, na ukitanguliwa na kundi la watu hamsini wenye spika ya muziki utapanda nao mpaka mmoja wenu achoke.

Mitambo ya upepo ndiyo inayompokea mgeni. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na hiyo ilishastaafu; iliyopo sasa ni ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme nchini Kenya, imejengwa kwa awamu tangu mwaka 2009, na kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5. Ukiwa mbali huoni chochote ila weupe unaozunguka polepole. Ukisimama chini ya mnara mmoja, unausikia mvumo wa kila panga linapokata hewa, panga moja likipita na jingine likifuata bila kuchelewa, na unakiona kivuli chake kikipita juu ya nyasi, juu ya kondoo, juu ya kofia yako, kisha kikirudi tena. Kondoo wamekwisha zoea. Jua likipanda, hulala katika ukanda mwembamba wa kivuli cha mnara, wamejipanga mstari mmoja, na kivuli kikisogea nao huinuka kwa uvivu na kusogea. Wapo wanaosema mitambo imeiharibu sura ya vilima, na hoja yao naielewa, lakini kwa mtembezi kero yake ni ndogo, kwa sababu imejengwa upande wa kaskazini tu na baada ya kilima cha pili au cha tatu huiacha nyuma kabisa.

Hapo ndipo matembezi yenyewe huanza. Njia hufuata mgongo wa vilima kuelekea kusini, ikipanda na kushuka kilele baada ya kilele. Vilele hivyo kwa mazoea huhesabiwa saba, ingawa sijapata kuona kundi lililomaliza safari bila kubishana kama kile kidogo cha katikati kinahesabika au la. Kinachoipa njia hii thamani ambayo sijaiona kwingine karibu na jiji ni kwamba muda wote mtu huwa na nchi mbili tofauti machoni. Kushoto, yaani mashariki, mteremko ni wa taratibu, wenye misitu na mashamba, kisha mapaa ya Ngong, Matasia na Kiserian, na mbali zaidi majengo marefu ya Nairobi. Kulia ardhi hukatika. Mteremko wa magharibi unaporomoka hadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mamia ya mita chini, na huko rangi hubadilika kutoka kijani kuwa ya majani makavu na udongo uliopauka, na hata hewa inayopanda kutoka chini ina joto lisilofanana na la upande wa pili.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano kubwa ya mamilioni ya miaka iliyopita, ambayo nusu yake ya magharibi ilizama pamoja na ardhi ya bonde wakati ukoko wa dunia ulipopasuka na kushuka. Mtembezi basi hupita kwenye ukingo wa mlima uliobaki nusu, na akilijua hilo ataelewa kwa nini upande mmoja unaweza kulimwa na mwingine hauna pa kuweka mguu. Asubuhi isiyo na mawingu, milima ya Longonot na Suswa huonekana wazi upande wa kaskazini-magharibi, Mlima Olorgesailie upande wa kusini, na mara chache, hewa ikiwa safi baada ya mvua ya usiku, Mlima Kenya na hata Kilimanjaro hujitokeza. Ukungu nao una haki yake. Mwezi wa saba na wa nane unaweza kutembea hadi saa nne asubuhi bila kuona zaidi ya mgongo wa aliyekutangulia.

Kuhusu ugumu, nasema wazi kwamba hii si njia ya kubeba mtoto mgongoni wala ya kuvaa ndara. Kutoka langoni hadi Kona Baridi ni kama kilomita 10, na mtu wa kawaida huchukua saa nne hadi tano pamoja na mapumziko. Urefu wenyewe haumtishi mtu, lakini mipando ni mikali na hurudiwa: kila kilima unachokimaliza kinakushusha karibu mpaka chini kabla ya kukupandisha tena, na magoti hulalamika zaidi kwenye kushuka. Lamwia, kilele cha juu kabisa chenye kimo cha kama mita 2,460, hakiko karibu na lango bali mbele sana, wakati miguu imeshalegea. Katika miteremko kadhaa maji ya mvua yamechimba mifereji katikati ya njia, watembezi wakaikwepa kwa kufungua njia nyingine pembeni, na sasa zimekuwa tatu au nne zinazokwenda sambamba na kuendelea kuimomonyoa nyasi. Wakati wa masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, udongo hushika viatu na kuteleza kwa pamoja, na ningemshauri asiye na fimbo aahirishe safari.

Upepo hauna msimu. Huvuma kutoka mashariki kwa nguvu inayoweza kung'oa kofia isiyofungwa kamba, na kwa sababu unapoza mwili, wengi hawatambui jinsi jua la mwinuko huo linavyowaunguza mpaka jioni, shingo inapoanza kuwasha. Koti jepesi la kuzuia upepo lina faida kubwa kuliko sweta zito. Maji ni lazima kubeba yote, angalau lita mbili kwa mtu, kwa kuwa juu ya mgongo hakuna kisima wala kibanda cha kuuza chochote baada ya kuliacha eneo la mitambo.

Suala la usalama halifai kupakwa rangi. Kwa miaka mingi kumekuwa na visa vya watembezi kuporwa kwenye vilima vya mbali, hasa mmoja mmoja au wawili wawili, na ndiyo sababu utaratibu wa kuomba askari wa misitu wa kuandamana na kundi umekuwa jambo la kawaida. Askari hulipwa ada yake mbali na kiingilio. Kwa maoni yangu gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya safari tangu mwanzo, na makundi madogo yanaweza kuungana langoni na kuigawana. Askari pia huijua njia kwenye ukungu, anajua ni wapi mteremko unadanganya, na akiulizwa vizuri ataonyesha pale pongo wanapotokea kwenye vichaka asubuhi.

Nchi iliyo chini ya vilima inastahili siku yake. Upande wa magharibi ni wa malisho: vichaka vya leleshwa vyenye majani ya rangi ya fedha, migunga, boma za Wamaasai zilizotawanyika, na siku hizi mapaa ya mabati na nyaya za uzio zinazoongezeka kila mwaka kadiri ardhi ya Kajiado inavyogawanywa vipande. Mtembezi anayeshuka huko anapita katika mashamba na malisho ya watu, kwa hiyo aombe ruhusa, asalimie, na asiwapige picha wachungaji bila kuwauliza. Anayeendelea na barabara ya Magadi kwa gari atafika eneo la kale la Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua zana nyingi za mawe za binadamu wa kale kuanzia miaka ya 1940, na bonde lililoonekana kutoka juu kama ramani litapata maana nyingine. Kaskazini, reli ya SGR kuelekea Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, hupita chini ya ardhi ya Ngong kwa handaki la takriban kilomita 4.5.

Kaburi la Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza anayesimuliwa katika kitabu cha Karen Blixen, Out of Africa, na aliyefariki katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, liko kwenye mteremko wa mashariki chini ya mnara mdogo wa mawe. Wageni wengi huulizia kama liko njiani. Haliko, hufikiwa kwa barabara nyingine, na kujaribu kuliunganisha na matembezi ya mgongo ni kujitafutia uchovu.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni mwisho wake. Ukiliacha gari langoni, Kona Baridi inakuacha upande usiofaa wa vilima, na kurudi kwa miguu ni mzigo ambao wachache wanauweza. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuja kwa matatu, kumalizia matembezi Kona Baridi, kupanda boda boda au gari lolote linaloteremka hadi Kiserian, kula nyama choma ya mbuzi ambayo mji huo una haki ya kujivunia, kisha kuchukua matatu ya 126 kurudi Nairobi. Uanze kutembea kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu magari ya kutoka upande wa Magadi hupungua jioni, na kusimama Kona Baridi baada ya saa kumi na mbili ukiwa na jasho lililopoa ni baridi ambayo koti jepesi haliwezi kuizuia.