Seti ya sola na maji kwa shule za upili: chukua sanduku, acha betri

Seti zinazouzwa kwa shule za upili hapa Mombasa kama "mradi wa nishati na maji" huja na vitu viwili vikuu ndani ya kreti moja: sanduku la kuvukiza maji ya chumvi, na paneli ya sola ya wati 20 pamoja na betri, kidhibiti chaji na taa. Sanduku linafaa sana. Hivyo vya umeme vimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona chuma kikiliwa na hewa ya bahari.

Sanduku lenyewe ni la plaiwudi, sentimita 60 kwa 80. Chini kuna beseni jeusi, juu kioo cha milimita 4 kilichoinamishwa, kisha mfereji wa kukingia matone na mpira wa kuyapeleka kwenye chupa. Jua hupasha maji, mvuke hugusa kioo ambacho ni baridi kuliko maji, hugeuka matone, na matone huteleza hadi mfereji. Katika mji ambao visima vingi vya Likoni na Kisauni hutoa maji ya chumvi, hakuna mwanafunzi atakayeuliza mradi huu una faida gani.

Kijitabu cha seti kinaahidi lita 5 za maji kwa siku. Mwalimu wa fizikia aikague namba hiyo kabla ya kumimina hata tone. Eneo ni mita za mraba 0.48. Siku ya wastani Mombasa huleta takriban kilowati-saa 5.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo sanduku linapata kilowati-saa 2.64, yaani megajuli 9.5. Kilo moja ya maji yenye nyuzi 60 hutaka megajuli 2.36 ili igeuke mvuke. Gawanya, utapata lita 4, na hapo umekubali kwamba hakuna joto lolote lililopotea kupitia kioo wala mbao. Masanduku ya aina hii hutumia vizuri asilimia 30 hadi 40 tu ya joto linaloingia. Tarajia lita 1.2 hadi 1.6. Muuzaji ameahidi maji mengi kuliko jua la siku ya wastani linavyoweza kutoa, na darasa likiligundua hilo kwa kalamu na karatasi, nusu ya thamani ya seti imesharudi.

Kijitabu pia kinataka maji ya kina cha sentimita 5, sawa na lita 24. Hayo ni mengi mno, yatashinda asubuhi nzima yakijipasha tu. Sentimita 1 hadi 2, yaani lita 5 hadi 10, ndicho kipimo. Usiyaache yakauke, kwa sababu chumvi itaganda nyeupe chini na kuurudisha mwanga ulikotoka. Kila Ijumaa mwaga yaliyobaki, suuza beseni, weka mengine.

Kasoro kubwa ya sanduku ni beseni la bati lililopakwa rangi. Rangi ikikwaruzwa mahali pamoja tu, maji ya chumvi yataingia hapo na kutoboa. Mwombe muuzaji alibadilishe kwa trei nyeusi ya plastiki ngumu. Akikataa, paka ndani silikoni nyeusi na uiache ikauke siku mbili. Silikoni inayonuka siki hushambulia bati na shaba, kwa hiyo tafuta isiyonuka. Maji ya siku tatu za kwanza yatakuwa na harufu ya rangi na gundi. Mwagieni maua.

Kioo kikiwa na ukungu mzito na chupa bado tupu, chunguza mambo mawili. Kwanza, mvuke unatoroka pembeni: pitisha kijiti cha udi kinachofuka kando ya kioo na utazame moshi unavyopinda. Pili, kioo kina mafuta, matone yanakaa duara badala ya kutandaa, kisha yanadondokea tena beseni. Kioshe kwa sabuni na majivu. Mwinamo nao usipungue nyuzi 10, la sivyo matone hayafiki mferejini.

Kipima chumvi cha mkono kilichomo ndani ya seti ni kizuri kwa maji ya kisima. Kwa maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kinazidiwa. Changanya sehemu moja ya maji hayo na tisa za maji yaliyovukizwa, pima, zidisha kwa 10. Mwalimu wa kemia ataongeza matone ya asidi ya nitriki na nitrati ya fedha: maji ya kisima yatachafuka weupe, ya chupani yabaki angavu. Nitrati ya fedha ni ghali na hutia ngozi madoa meusi, basi ni matone mawili matatu, si zaidi. Asiye nayo atumie kipande cha sabuni. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na povu lake ni shida. Ya chupani hutoa povu mara moja.

Lakini kipima chumvi hakioni vijidudu. Mtungi wa kukingia ukiwa mchafu, namba itasomeka nzuri na tumbo litauma vilevile.

Sasa umeme. Kigingi cha paneli kimefungwa nyuzi 35 na kijitabu kinasema ielekee kusini. Hayo ni maagizo ya Ulaya. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, nyuzi 27 kutoka utosini. Paneli iliyotegwa hivyo hupigwa na jua kwa pembe ya nyuzi 62, na kosini ya 62 haifiki 0.5, yaani hupata chini ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja. Ilaze hadi nyuzi 10 au 15, ielekee kaskazini, mvua nayo itaiosha vumbi. Klipu ni za chuma kilichopakwa, zitashika kutu upesi. Weka skrubu zisizoshika kutu na upake vaselini.

Betri ya risasi ya ampea-saa 7 ndiyo hasara. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba huikuta stoo bila chaji, na ikikaa chini ya volti 12 kwa wiki kadhaa haiamki tena. Kama tayari mnayo, unganisheni betri kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye, na fyuzi ya ampea 5 iwe karibu na betri. Kifaa cha kurekodi data kwa simu kiacheni. Kipimajoto, saa na daftari vinatosha.

Ushauri wetu ni kununua masanduku mawili badala ya seti nzima, ikiwa muuzaji anakubali kuyatenganisha, au kumpa fundi wa mbao vipimo hivi. Moja libaki kawaida, la pili libadilishwe kitu kimoja tu kwa wiki: kina cha maji, rangi ya beseni, mwinamo wa kioo. Oda ifike kabla ya muhula wa kwanza, wakati wa kaskazi na jua kali. Masika yakianza, mawingu hupunguza maji ya chupani na ulinganisho wa wiki kwa wiki huvurugika.