Uzoefu wangu: darasa la rangi la Jumamosi nne, Mji wa Kale, Mombasa

Nimemaliza darasa la rangi la wanaoanza, Jumamosi nne, masaa mawili mawili, 4,000 jumla, juu ghorofani kwenye nyumba moja ya Mji wa Kale, na naandika kwa ajili ya nyinyi mnaojifundisha kuchora nyumbani manake mimi zambarau ilinitesa mwaka mzima.

Jua likizama, pale ufukweni Mama Ngina, mawingu ya upande wa bahari huwa na zambarau fulani laini, na kila nikichanganya nyekundu na bluu za seti yangu ya tyubu 12 natoka na tope, tope kabisa kama la mikokoni. Mwalimu alizitazama tyubu zangu, akaniambia nyekundu yako imeegemea chungwa, bluu yako imeegemea kijani, zote mbili zimebeba umanjano ndani, na manjano ndiyo inayotazamana na zambarau kwenye gurudumu la rangi, yaani ule mduara wa rangi zilizopangwa kwa zamu, na rangi zinazotazamana ukizichanganya zinauana. Akaminya majenta kidogo, nyekundu iliyoegemea bluu, na bluu ya ultramarini, iliyoegemea nyekundu, akatia tone la nyeupe ili ionekane, na ile zambarau ya mawingu ikatoka palepale mbele ya macho yangu, wallahi nilinyamaza. Kwa hivyo pesa ya seti kubwa bora ununue nyekundu mbili, bluu mbili, manjano mbili, moja ya joto (iliyoegemea chungwa au nyekundu) moja ya baridi (iliyoegemea bluu au kijani), na nyeupe, basi.

Jumamosi ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi. Alitandika leso mbili, moja ya chungwa, moja ya bluu, akaweka juu yake vipande viwili vya karatasi ya kijivu ileile. Juu ya chungwa kijivu kikawa kama kina ubluu, juu ya bluu kikapata joto, mpaka tukavinyanyua tukavishikanisha ndio tukaamini ni kimoja. Akatueleza habari ya Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi pale Gobelins, kiwanda cha mazulia ya ukutani, Paris, watu wakilalamika nyuzi nyeusi hazikukoza, naye akagundua rangi yenyewe haina neno, ni majirani zake ndio wanaoifanya ionekane dhaifu, akaandika kitabu mwaka 1839. Sasa nikipita Biashara Street natazama pindo na mji wa kila leso kwa jicho jingine kabisa.

Lililoniudhi ni kwamba mwanga na giza lilipewa nusu saa tu, na kwangu mimi hilo ndilo la kwanza. Nilipiga picha mchoro wangu wa jahazi kwa simu nikaigeuza picha nyeusi na nyeupe, jahazi likapotea ndani ya maji! Hudhurungi ya jahazi na bluu ya maji zilikuwa na uzito mmoja, yaani giza lake sawasawa, hata uchanganye vizuri namna gani macho hayatalikuta. Pia akriliki, rangi hii ya kuchanganya na maji, kwa joto letu hili na madirisha wazi inakauka kwenye sahani kabla hujamaliza, tena ikikauka inakoza zaidi ya ulivyoiona mbichi, na hakuna aliyetuambia mapema tuje na chupa ya kunyunyizia maji.

Rangi unajinunulia mwenyewe, haimo kwenye ada. Ukienda beba tyubu zako zote, hata zile kuukuu, umwombe azitazame moja moja.