Uzoefu wangu na mita ya DT830D: sehemu ambazo namba zake zinadanganya

Wakuu, hii mita ndogo ya DT830D ya kupimia umeme (volti, ampea na omu) ipo kwenye begi langu la kazi muda mrefu sasa, mi ni fundi sola, na kwa bei yake naipenda kweli, ila kuna sehemu inadanganya na fundi asipozijua mteja anaambiwa anunue kitu ambacho hakihitaji, hapo ndo panaponiuma.

Kubwa kuliko yote ni betri yake ya ndani, ile ya 9V. Ikianza kuisha mita haizimi, inaendelea kuonyesha namba kama kawaida ila zinapanda, kwa sababu ile volti ya ndani ambayo chipu inalinganishia inatokana na betri hiyohiyo, sasa yenyewe ikishuka kila unachopima kinaonekana kikubwa. Betri ya mteja imechoka we unasoma imejaa! Alama ya betri ikitokea kwenye skrini badilisha kwanza, ndo upime.

Afu kuna renji, yaani ukomo wa kipimo unaouchagua kwa kuzungusha kisu cha mita. Kwa DC (umeme wa betri na paneli) kosa linaloruhusiwa ni asilimia 0.5 jumlisha 2 kwenye tarakimu ya mwisho ya skrini, ambayo ni 0.01 kwenye 20V na 0.1 kwenye 200V, yaani betri yenye 12.60 ukiipima kwenye 20V inaweza kukosea kama volti 0.08 tu, ukiacha kisu kwenye 200V inafika karibu 0.26, na kwa betri ya asidi hiyo inatosha kabisa kuchanganya iliyojaa na iliyobaki robo tatu. Mita ileile, betri ileile.

Kwenye inveta za bei rahisi ndo balaa. Hii mita upande wa AC (umeme kama wa ukutani) inapima wastani wa wimbi halafu namba inapandishwa kwa 1.11 ikichukulia kwamba wimbi ni laini kama la umeme wa gridi, wakati hizo inveta zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Chukua wimbi lenye kilele cha volti 325 linalokuwepo nusu ya muda: volti halisi ni 230, mita inasoma kama 180, mtu anarudisha inveta nzima dukani jamani. Kwa kazi hiyo tafuta mita iliyoandikwa True RMS, yaani inayopima volti halisi hata wimbi lisipokuwa laini.

Kwenye omu (kupima ukinzani) gusisha ncha za waya zake kwanza, utaona 0.4 au 0.5 hivi, hiyo ni ya waya zenyewe, itoe kwenye jibu. Na wanaotengeneza redio wajue ukipima volti mita yenyewe ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1 tu, ukipima katikati ya rezista mbili za megaomu 1 kwenye 12V unapata 4 badala ya 6.

Tundu la 10A halina fyuzi, limeandikwa kabisa UNFUSED. Mi nalitumia kwa paneli ndogo tena kwa sekunde chache, ila kwenye umeme wa ukutani silichomeki kabisa, na nikifungua meini switchi natoa mita nyingine ya CAT III, yaani yenye daraja la usalama la kupimia nyaya kuu za jengo.