Ngoma za Wagarifuna Bronx: kiingilio bure, ila msikae mbele ya spika

Jamani nyote mnaoniuliza WhatsApp ile video ya ngoma niliyowatumia ni ya wapi, na wengine mshaanza kubishana ati ni Malindi, haya. Ni New York, mtaa wa Bronx, tamasha la bure la samma, msimu wao wa joto, kwenye bustani ya mjini, nilikua nimeenda kumtembelea dadangu mwezi wa nane. Wachezaji ni Wagarifuna, watu weusi wa Honduras, Belize na Guatemala, asili yao kisiwa cha St. Vincent, Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kule mpaka Mwingereza alipowashinda vita akawapakia melini 1797 akawatupa Roatán, kisiwa cha Honduras. Siku hizi Bronx wamejaa tele.

Naanza na ubaya. Tumeambiwa saa nane mchana, ngoma ya kwanza imelia saa tisa na nusu, hilo mie Mswahili sina ulimi wa kulisema. Lakini yule wa mitambo! Ametia kinanda na gita la besi juu mpaka ngoma zenyewe husikii, kama harusi zetu za holini ambapo bibi anaimba na wewe unaona mdomo tu. UNESCO imezitaja hizi ngoma 2001 kuwa hazina ya dunia, yeye hakupewa habari.

Alhamdulillahi waya wa kinanda ukaharibika, na hapo ndo shoo ikaanza.

Ngoma ni mbili. Segunda ni ile kubwa, hiyo inashika mdundo haibanduki, na primera ndogo ndo msemaji. Juu ya ngozi wamekaza nyaya nyembamba, kwahivyo kila kofi likishuka kuna mlio wa zzz unabaki nyuma, nilikua nimesimama karibu nikadhani spika imepasuka. Kuna na jamaa ametundika magamba ya kasa shingoni anayagonga kwa vijiti (kwetu kuua kasa ni kosa, hapo ungelala ndani).

Alafu wakaingia wanaume wa wanaragua, ngoma yao ya vinyago. Kinyago cha waya kimepakwa rangi ya uso wa mzungu, taji la manyoya, na magotini wamefunga makombe ya baharini yanayolia kila wakikanyaga. Wanamcheza shere bwana mkubwa wa enzi za ukoloni, yani mbavu sina. Sasa angalieni tena ile video, dakika ya pili: mpiga primera haangalii ngoma, macho yako magotini kwa mchezaji, kwasababu hapa mchezaji ndo anaamrisha na ngoma inamfuata. Jamaa mmoja akasimama ghafla mguu juu, na mkono wa mpigaji nao ukabaki hewani. Mie nimekulia kwenye ngoma zetu za pwani, msondo na vugo, na hilo sijawahi kuliona.

Punta ndo ngoma yao maarufu, kiuno chafanya kazi mabega yametulia. Nilivyorudi nikamuonyesha video nyanya yangu Kibokoni, Mombasa, akavaa miwani, akatazama wee, akasema, "Kiuno anacho huyu mwanamke, leso ndo hana." Nikamwambia nyanya, hii kwao huchezwa hata matangani. Akanirudishia simu yangu bila neno, nahisi alishafikiria disko matanga, zile disko za usiku kwenye msiba.

Chakula, kuleni hudut. Ni samaki wa tui na ndizi iliyotwangwa kwenye kinu, unamega kwa vidole unachovya kama ugali, tui zito la haki ila pilipili wameionyesha tu sahani. Dola 20! Nilipopiga hesabu kwa shilingi tonge likanikwama. Mkate wao wa muhogo, ereba, ni mkavu kama chapati ya juzi, bila mchuzi usijaribu.

Nyota nne. Ukienda chukua kofia na maji, kivuli hakuna, na ukae upande wa wapiga ngoma, viti vya mbele katikati viko mdomoni mwa spika.

Kwa mlioko Mombasa, tafuteni nyimbo za Wagarifuna Andy Palacio wa Belize, alifariki 2008, na Aurelio Martínez wa Honduras, huyo alifariki ndege ilipoanguka baharini hapo hapo Roatán 2025. Vaeni hedifoni, spika ya simu inaua ule mlio wa waya.