Jumuiya au chama cha kitume: wapi waumini huchanganyika zaidi?
Katika parokia za Kikatoliki Tanzania, jumuiya ndogondogo hufuata mtaa. Chama hufuata rika, jinsia au karama. WAWATA, iliyoanza 1972, hukusanya wanawake, VIWAWA, vijana. Chamani sare moja, wimbo mmoja, na kazi huenda haraka. Kasoro iko hapohapo: wanaofanana huzidi kufanana.

Jumuiya haikuchagulii wa kukaa naye. Msukuma, Mchaga na Mmakonde, mwenye nyumba na mpangaji wake (hata anayedaiwa kodi), hukaa mkeka mmoja kusoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila wiki nyumba nyingine. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki) waliipa kipaumbele mwaka 1976. Hukwama pale mwenyeji mmoja anapoandaa chai na maandazi: wa zamu inayofuata anaona aibu kukaribisha watu mikono mitupu, anatoa udhuru. Futeni chai kabisa. Tatizo jingine ni barua ya jumuiya ya kuombea ubatizo au ndoa. Wapo wanaoonekana wakiihitaji tu. Kaya zikizidi kumi na tano hivi, wasemaji hubaki walewale watano. Hapo gawanyeni, kwa kufuata barabara, si lugha. Mgeni mtaani aanzie jumuiya; chama kitamsubiri.