Ramani za upepo za AMSR2: baharini safi kabisa, Ziwa Victoria usizitumie

Jamani nimekaa na hizi ramani tangu mwezi wa sita, niko Kampala nashughulika na mizigo inayopandia Mombasa na kaka yangu anavua Lamu, ndo maana nikaanza kufuatilia upepo. Ni za bure, wanaozitengeneza ni Remote Sensing Systems wa California, chombo chenyewe, hiyo AMSR2, ni kipimaji kilichoko kwenye setilaiti ya Wajapani iliyorushwa 2012.

Kilichonikamata ni vile kinavyopima, yaani hakitupi mawimbi chini kama rada, kinapokea tu maikrowevu ambazo bahari inazitoa yenyewe, maji yakitulia zinatoka kidogo, upepo ukiyachafua na povu likaanza zinaongezeka, wanapiga hesabu hapo wanapata kasi ya upepo kwa urefu wa mita 10 juu ya maji. Giza halisumbui wala mawingu. Kinapita kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Mwezi wa saba nikafungua upande wa Somalia nikakuta kusi imechachamaa, mita 12 kwa sekunde na zaidi eneo kubwa ajabu, nikamtumia kaka picha akanijibu hata huku Lamu tunaisikia.

Kasoro zipo. Upepo unatoka wapi unaenda wapi hakikuambii, kinakupa kasi tu (WindSat, chombo kingine cha namna hii kilichorushwa 2003, kiliweza mwelekeo). Mvua kubwa inakivuruga, kuna ramani yao ya hali zote za hewa inasaidia hapo. Na kati ya njia moja ya setilaiti na nyingine panabaki mapengo, siku zingine pwani yetu iko palepale kwenye pengo, inauma.

Sasa wenzangu wa Ggaba, Katosi na Kalangala naomba mnisikie vizuri, kuna watu wanasambaza ramani za namna hii kwenye magrupu ati ndo upepo wa ziwa letu. Hapana! Kila kipimo kinakusanya makumi ya kilomita pamoja, na nchi kavu inatoa maikrowevu nyingi kuliko maji, sasa Ssese peke yake ina visiwa 84, ikiingia humo chombo kinaona kama upepo mkali kumbe ni ardhi. Mtu anayeingia na mtumbwi usiku asitegemee hiyo, aulize utabiri wa ziwa wa idara ya hali ya hewa.

Kwa bahari nawapa nyota nne kati ya tano, kwa ziwa sitoi hata moja.